Skrini ya Kijani, Cheti cha Jana

Ansible, zana ya kupanga seva, ikimaliza kazi huacha mstari mmoja wa muhtasari kwa kila seva: hatua ngapi zimepita, ngapi zimebadilisha kitu, ngapi zimeshindwa. Mstari ukiwa wa kijani, afisa TEHAMA anashusha pumzi na kwenda kunywa chai. Mstari ninaouchambua hapa ulitoka kwenye seva iliyoko Songea, katika taasisi ambayo sina sababu ya kuitaja. Ulisema ok=14 changed=0 unreachable=0 failed=0. Wakati huohuo simu ikaita kutoka Songea: "Kaka, mbona huku bado inaandika si salama?" Cheti cha usalama cha mfumo wao kilikuwa kimekwisha muda, na kila aliyefungua kivinjari alikutana na onyo.

Cheti kipya kilikuwa kimeshafika. Kilikuwa kwenye diski, mahali pake, na ruhusa zake sahihi. Ila nginx, programu inayopokea watumiaji mlangoni, ilikuwa bado inawaonyesha kile cha zamani.

Maelezo ya kwanza yaliyotolewa, kama kawaida, yalikuwa kwamba mtandao unasumbua. Ni kweli ulisumbua, lakini hilo peke yake halielezi kwa nini zana ya kupanga seva iseme kila kitu kiko sawa wakati hakiko sawa. Jibu liko kwenye namna Ansible inavyofanya kazi. Kompyuta moja, kwa kisa hiki iliyoko Dar es Salaam, inafungua njia ya SSH hadi kwenye seva, zaidi ya kilomita 900 kwa barabara, na kutekeleza hatua moja baada ya nyingine kama zilivyoandikwa kwenye faili la maagizo. Hatua iliyonakili cheti ilibadilisha faili, kwa hiyo ikaacha ujumbe kwa hendla: nginx isome upya mipangilio yake. Hendla haifanyi kazi papo hapo. Inasubiri hatua zote za sehemu hiyo ziishe ndipo itekelezwe, ili huduma isizimwe na kuwashwa mara tano kwa mabadiliko matano.

Njia ilikatika baada ya cheti kunakiliwa na kabla hendla haijafikiwa. Ansible ikaandika UNREACHABLE na kuiondoa seva hiyo kwenye foleni. Mtandao uliporudi, maagizo yaleyale yakatumwa tena. Sasa hatua ya kunakili ikalinganisha faili la Dar na la Songea, ikakuta yanafanana, ikasema hakuna cha kubadilisha. Kwa kuwa hakikubadilika kitu, hendla haikuitwa. Kwa kuwa haikuitwa, nginx iliendelea na cheti ilichokishika kwenye kumbukumbu tangu iliposoma mipangilio yake mara ya mwisho. Unaweza kurudia maagizo hayo wiki nzima. Kila mara utapata kijani, na kila mara onyo litabaki palepale.

Wengi wakifika hapa hukimbilia chaguo la --force-handlers, linalolazimisha hendla zifanye kazi hata kama hatua nyingine imeshindwa. Linasaidia pale seva inapopatikana lakini hatua fulani ikagoma. Seva isipofikika halina msaada, na mwongozo wa Ansible wenyewe unasema hivyo waziwazi. Kuweka amri ya flush_handlers mara tu baada ya kunakili cheti kunapunguza muda wa hatari, ila hakuuondoi. Wala watumiaji wa Puppet, zana nyingine ya kupanga seva, wasicheke: nako huduma huambiwa isome upya pale faili linapobadilika, na zoezi likikatika katikati, ujumbe huo unaweza kupotea vilevile.

Kwa hiyo kwenye kutafuta kosa, usiiulize zana, iulize huduma. Amri ya openssl x509 pamoja na -noout -enddate inakuonyesha tarehe ya mwisho ya cheti kilichoko kwenye faili. Amri ya openssl s_client inayogonga poti 443 inakuletea cheti ambacho nginx inakitoa kweli kwa anayebisha hodi. Tarehe mbili zikitofautiana, umeshapata kosa kabla hujafungua logi hata moja. Kwa huduma zisizo na cheti, linganisha muda faili lilipobadilishwa na muda mchakato ulipoanza, kwa stat na ps. Faili likiwa jipya kuliko mchakato, shuku. Angalizo: nginx ikisoma upya mipangilio, mchakato mkuu hubaki uleule na umri wake uleule, wanaozaliwa upya ni wafanyakazi walio chini yake. Ukipima umri wa mkuu utaishia kuzitilia shaka hata seva nzima zisizo na tatizo.

Kosa la aina hii lina tabia moja mbaya: hujiponya lenyewe. Umeme ukikatika usiku na UPS ikaishiwa chaji, seva inazima. Ukirudi, nginx inaanza upya, inasoma faili jipya, na asubuhi kila kitu kinang'aa. Hakuna aliyegusa chochote. Kwenye daftari la matukio panaandikwa "mtandao umetengemaa", na kosa linarudi mwaka unaofuata, cheti kingine kikikaribia kuisha.

Umeme wa Songea umebadilika sana. Mji huu uliishi miaka mingi kwa jenereta za dizeli za TANESCO, ukapata nguvu ya ziada kutoka kituo cha maji cha Tulila kwenye Mto Ruvuma, kilichojengwa na masista Wabenediktini wa Chipole na kuanza na megawati 5. Mwaka 2018 ukaunganishwa na gridi ya taifa kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako kupitia Madaba. Kukatika kumepungua kuliko enzi za dizeli, ila hakujaisha, hasa masika radi zinapoanza. Na seva nyingi zilizoko kwenye ofisi za mikoani ni zile zilizonunuliwa zamani, ambazo betri ndogo ya saa kwenye ubao mama imeshakufa bila mtu kujua.

Betri hiyo ikifa, kila umeme unaporudi seva inaweza kuamka ikiamini iko mwaka wa kiwandani. Hapo makosa yanayojitokeza hayafanani kabisa na tatizo la saa. Apt inakataa kusasisha orodha ya programu ikidai faili la hifadhi bado halijaanza kutumika. Wakala wa Puppet anakataa kuongea na seva kuu kwa sababu cheti chake "kitaanza" miaka ijayo. Git inalalamikia cheti. Afisa anaanza kutengeneza vyeti upya, anafuta vya zamani, na sasa ana matatizo mawili. Amri ya date ingemaliza ubishi kwa sekunde moja. Programu ya chrony hurekebisha saa yenyewe ikipata mtandao, isipokuwa pale fayawoli ya ofisi inapozuia NTP kwenye poti ya UDP 123, na hilo nimeliona mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Ningependa kila faili la maagizo lianze na hatua moja ya kukagua saa, na saa ikiwa si sahihi zoezi lote lisimame hapohapo.

Kuna kosa jingine la njia ndefu ambalo huwazungusha watu siku nzima. SSH inaingia vizuri, unaandika amri fupi, zinajibu. Ansible ikianza kunakili faili, inaganda. Hakuna kukatika, hakuna ujumbe, kimya tu. Mara nyingi mkosaji ni ukubwa wa pakiti. Pakiti ya kawaida ni baiti 1500, lakini ikipita ndani ya VPN nafasi inapungua; WireGuard, kwa mfano, kwa kawaida hubakiza 1420. Kifaa kilichoko katikati kinapaswa kurudisha taarifa kwamba pakiti ni kubwa mno. Kuna mahali mtu alizuia ICMP yote kwa jina la usalama, taarifa ikafia hapo, na pakiti kubwa zinatupwa bila mtumaji kujua. Pakiti ndogo zinapita, ndiyo maana kuingia hakuna shida. Jaribu ping -M do -s 1472, kisha shusha namba mpaka upate jibu. Ongeza 28 juu ya hiyo, ndio ukubwa halisi wa njia yako.

Tarehe 12 Mei 2024 ilitoa somo la upande mwingine. Mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi katika ukanda huu. Hesabu ya njia inasema seva ya Songea inayoongea na Dar kupitia Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano haina haja ya kuvuka bahari. Ila yapo maagizo yanayoivusha bila mwandishi wake kufikiri: hatua ya kwanza inasasisha programu kutoka hifadhi iliyoko Ulaya, ya pili inachukua faili GitHub, na ya tatu ndiyo kazi yenyewe, kubadilisha mstari mmoja kwenye faili lililoko Songea. Siku kama ile hatua ya kwanza inagoma na ya tatu haifikiwi. Badiliko dogo la ndani ya nchi linakwama kwa sababu ya kebo iliyokatika kusini mwa bara.

Kabla ya kusema kilichofanyika, turudi nyuma kidogo. Mwaka 1993 Mark Burgess, mwanafizikia aliyekuwa Oslo, aliandika CFEngine, zana iliyozaa ukoo huu wote. Wazo lake lilikuwa kwamba kila kompyuta iwe na wakala wake mwenyewe, anayejua hali inayotakiwa na kuisogelea kidogo kidogo, mtandao uwepo usiwepo. Puppet ikaja mwaka 2005 na wakala anayeuliza seva kuu kila baada ya dakika 30. Ansible ya Michael DeHaan, mwaka 2012, ikageuza mambo: hakuna wakala, kuna SSH na Python tu, na kompyuta moja inasukuma maagizo kwa nyingine. Ilipendwa kwa urahisi wake, na Red Hat ikainunua mwaka 2015. Mimi naipenda pia. Lakini kusukuma kunataka njia iliyo hai tangu hatua ya kwanza hadi ya mwisho, na hilo ni dai zito kwa ofisi ya mkoani.

Inafaa kutazama wanavyofanya watu wa DHIS2, mfumo unaobeba takwimu za afya za Tanzania na nchi nyingi jirani. Zana za kuusimika zinazotolewa na Chuo Kikuu cha Oslo zimeandikwa kwa Ansible, na unaweza kuziendesha ukiwa ndani ya seva yenyewe badala ya kuzisukuma kutoka mbali. Mji uleule wa Burgess, na kwa namna fulani wazo lilelile.

Kwa seva ya Songea uamuzi ulikuwa kubaki na Ansible ila kugeuza mwelekeo. Ansible-pull ilisimikwa kwenye seva, ikiamshwa na kipima muda cha systemd kila nusu saa, ikaenda kuchukua maagizo kwenye hifadhi ya Git iliyoko Dar na kuyatekeleza ndani kwa ndani. Mtandao ukikatika, kinachokwama ni kuchukua maagizo mapya. Zoezi lililokwisha kuanza linaendelea. Vifurushi vya programu vinapita kwenye akiba ya apt-cacher-ng iliyoko ndani ya nchi, na hatua ya kusasisha imetengwa na hatua za mipangilio ili moja isiifunge nyingine.

Chaguo moja lilitakiwa kuepukwa: --only-if-changed. Linavutia, kwa kuwa linaruka zoezi pale ambapo hakuna jipya kwenye Git. Zoezi likifia katikati kwa sababu ya umeme, mara inayofuata chaguo hilo litaona hifadhi haijabadilika na kuacha kazi ikiwa nusu.

Hata hivyo kuvuta peke yake hakutibu kosa la cheti. Kilicholitibu ni kuacha kuitegemea hendla: hatua mpya inagonga poti 443, inachukua alama ya cheti kinachotolewa, inailinganisha na ya faili, na zikitofautiana inaiambia nginx isome upya. Haijali jana kulitokea nini.

Gharama ipo. Seva inayojipanga yenyewe lazima iwe na ufunguo wa kufungua siri zake, na seva iliyoko kwenye chumba cha ofisi inaweza kubebwa na mtu. Ndiyo maana ya Songea ilipewa siri za Songea tu, si za taasisi nzima, na maagizo hukubaliwa iwapo yana saini halali, kwa chaguo la --verify-commit. Gharama ya pili ni kwamba Dar hawaoni tena skrini. Kila zoezi likifaulu, seva hutuma Dar tarehe na alama ya toleo lililotekelezwa. Anayesimamia haangalii zilizofaulu. Anaangalia orodha ya seva zilizokaa kimya zaidi ya saa 24, kisha anapiga simu kuuliza kama umeme upo.