Diski Mbili, Kosa Lilelile

Kompyuta hii iliundwa kwa vipuri vipya, karibu vyote vya Kariakoo, kwa kazi moja tu: kuhariri video za harusi. Windows iliwekwa kwenye SSD ndogo, na video kwenye diski ngumu ya TB 2 iliyounganishwa kwa SATA. Haukupita muda ikaanza visa. Ukinakili faili kubwa inakwama katikati, kisha inaendelea kama vile hakuna kilichotokea. Mara Windows inadai diski ina hitilafu na inataka kuikagua; mara folda iliyofunguka jana, leo inagoma. Duka likabadilisha diski bila ubishi. Ya pili nayo ikafanya yaleyale.

Diski mbili kuharibika kwa namna moja ndani ya mashine moja ni jambo la nadra. Ni vyema kukumbuka kwamba kosa huandikwa kwa jina la diski hata kama limezaliwa kwingine. Kati ya diski na prosesa kuna waya, poti, chipu ya madabodi, draiva na RAM. Chochote kati ya hivyo kikiyumba, ujumbe unaotokea kwenye skrini huitaja diski.

Fundi aliyeletewa mashine hakushika bisibisi kwanza. Alifungua CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosoma SMART, yaani rekodi za afya ambazo diski hujiwekea yenyewe. Mistari ni mingi, ila kwa kazi hii minne inatosha. 05 huhesabu sekta mbovu zilizokwisha kubadilishwa kwa za akiba, C5 zile zinazotiliwa shaka, C6 zilizoshindikana kusomeka. Zote tatu zilikuwa sifuri, kwa hiyo hakukuwa na dalili yoyote kwamba sahani za diski zimechoka. Mstari wa nne, C7, ndio uliokuwa unapanda, na ulipanda kila faili kubwa iliponakiliwa.

C7 huhesabu makosa ya CRC. Data inapovuka waya wa SATA hupewa namba ya uhakiki. Upande unaopokea hukokotoa namba hiyo upya, na zisipolingana kipande kile hutumwa tena. Daftari la matukio la Windows lilikubaliana na diski: tukio 129, mawasiliano na diski kuanzishwa upya, na tukio 153, ombi kurudiwa. Huko kurudiarudia ndiko mwenye mashine alikokuona kama kukwama.

Waya wenyewe ulikuwa umekunjwa kona kali nyuma ya trei, na kichwa chake hakikuwa na kile kibati cha kujifunga kwenye poti. Ukabadilishwa waya peke yake. Poti iliachwa ileile kwa makusudi, maana ukibadilisha vitu viwili kwa mpigo hutajua kipi kilikuwa na kosa. C7 ikasimama. Kaunta hiyo hairudi sifuri hata ukiweka waya wa dhahabu. Cha kutazama ni kama bado inapanda.

Kama ingeendelea kupanda, poti ndiyo ingefuata, na wala si dhana ya mbali. Januari 2011 Intel ilikiri kwamba chipu zake mpya za mfululizo wa 6 zilikuwa na kasoro iliyoweza kuzidhoofisha poti za SATA za gigabiti 3 kadiri muda ulivyopita, huku zile mbili za gigabiti 6 zikiwa salama. Kampuni ilikadiria gharama ya kurekebisha kuwa dola milioni 700. Madabodi mpya kabisa inaweza kuwa na ugonjwa.

Wengi wangefunga kasha hapo, na kwa maoni yangu hapo ndipo mashine nyingi hurudi kwa fundi baada ya wiki. C7 ilikuwa imetulia, lakini tukio 55 likajitokeza: mfumo wa faili wa NTFS umeharibika. CRC ni kama lakiri ya bahasha. Inathibitisha barua haikuguswa njiani. Kama mwandishi alikosea kabla ya kuifunga, lakiri itafika nzima na uongo ndani yake. Data iliyoharibikia kwenye RAM hupewa CRC sahihi kabisa, ikaandikwa diskini kwa uaminifu wote.

Jaribio lake ni jepesi. Chukua faili moja, ikokotolee SHA256, namba ya utambulisho wa yaliyomo, kwa amri ya certutil, kisha rudia. Faili sharti iwe kubwa kuliko RAM, la sivyo mara ya pili Windows huisoma kutoka kwenye kumbukumbu badala ya diski. Mashine ilikuwa na GB 16. Ikatumika video ya GB 40. Faili haikuguswa, ila majibu yalitofautiana.

MemTest86+, programu ya kupima RAM, ikawashwa kutoka kwenye flashi na kuachwa usiku kucha. Asubuhi skrini ilikuwa na mistari myekundu. RAM zilikuwa mbili za GB 8, lebo moja, lakini zimenunuliwa maduka tofauti, na XMP, mpangilio wa kuongeza kasi ya RAM, ilikuwa imewashwa kuzikimbiza kwa kasi ya 3600 wakati mtengenezaji wa prosesa anaahidi 3200 tu. Kila moja peke yake ilifaulu. Zikiwa pamoja kwa 3600, zilifeli. XMP ikazimwa, zikapita. Zikapandishwa hadi 3200, zikapita tena, na SHA256 ikatoa jibu moja kila iliporudiwa.

Kilichoumiza zaidi ni chkdsk. Kila Windows ilipoomba ukaguzi, mwenye mashine alikubali, na chkdsk /f haikagui tu, inaandika. Marekebisho yalikokotolewa ndani ya RAM mbovu. Diskini ikabaki folda found.000 iliyojaa FILE0000.CHK, FILE0001.CHK na kuendelea, vipande vya video visivyo na majina. RAM hupimwa kabla ya chkdsk, na nakala ya vilivyopona hutolewa kwa kutumia mashine nyingine kabla ya vyote viwili.

Diski ya kwanza haikuwa na tatizo. Video zilizopita kwenye RAM ile kabla ya marekebisho hazina dawa. Zinalinganishwa na kadi za kamera moja baada ya nyingine, na baadhi ya kadi zilishafutwa na kurekodiwa harusi nyingine.