Tatu na Mkulima wa Kabambare

Kumbukumbu za Ernesto Guevara kuhusu vita vya Kongo vya 1965, zilizochapishwa mwaka 1999, husomwa kwa kawaida kama ungamo la kushindwa. Humo wanalaumiwa viongozi wasiofika medani na wapiganaji wa Simba walioamini dawa ya kukinga risasi. Hata hivyo, swali zito zaidi limo katika hitimisho: jeshi la ukombozi lingempa nini mkulima ambaye ardhi anayo?

Kitabu hakilijibu, ingawa jibu lilikuwapo Kasongo na Kabambare. Kiswahili cha huko kimejulikana kama Kingwana, lugha ya waungwana, yaani watu huru. Nao uungwana huo ulistawi Kasongo enzi za Tippu Tip, katika mji wa pembe na watumwa. Baadaye utawala wa Wabelgiji uliwalazimisha wakulima wa Maniema kulima pamba. Kwa watu hao, uhuru wa tarehe 30 Juni 1960 ulikuwa na kipimo kinachoshikika: jembe lisiloamriwa na mtu.

Guevara alijiita Tatu. Dreke akawa Moja, Martínez Tamayo akawa Mbili. Kiswahili kiliwafichia majina. Lakini mwandishi mwenyewe anakiri kwamba hakukijua vya kutosha, na kwamba Kifaransa kilimfikisha kwa wakubwa tu. Hapo ndipo ilipo kasoro ya kitabu na ya itikadi yake: kinamwona mkulima asiyekosa ardhi, hakimwoni aliyenyimwa hiari juu ya ardhi hiyo.