Uwanja si Mahakama: Uhakiki wa Msemo Mmoja

1. Utangulizi

"Asiyekubali kushindwa si mshindani." Msemo huu una heshima yake mashindanoni. Hata hivyo husikika pia mbali na mashindano: katika ofisi za kata, katika vikao vya ukoo, na hata mimbarani, akiambiwa mtu aliyepoteza kiwanja au mirathi na ambaye bado anataka shauri lake lisikilizwe. Makala hii inakusudia kuuhakiki msemo huo unapotolewa uwanjani na kupelekwa mbele ya sheria. Hoja yetu ni kwamba huko busara yake hugeuka kuwa dhuluma.

2. Maneno yanayotuchanganya

Si ajabu kwamba mambo haya mawili huchanganywa, kwa maana lugha yenyewe huyaweka karibu. Anayepuliza filimbi ni mwamuzi, na mwamuzi ni pia yule anayekata shauri. Kitabu kizima cha Agano la Kale huitwa Waamuzi. Twasema timu imeshinda, na twasema fulani ameshinda kesi. Neno "kiwanja" nalo hubeba maana mbili. Katika mtaa uliosongamana kama Kiwalani, wilayani Ilala, kiwanja ni mahali vijana wanapocheza mpira, na ni kipande cha ardhi ambacho juu yake ndugu hugombana hadi kufikishana barazani. Jirani tu na hapo, wakazi wa Kipawa walihamishwa kupisha upanuzi wa uwanja wa ndege, wakasubiri fidia kwa miaka mingi, ingawa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe mapema. Kumwambia mtu kama huyo akubali kushindwa ni kumfanya mshindani katika mchezo ambao hakuomba kuucheza.

3. Yanayofanana

Ni lazima tukiri kwamba mfano wa mchezo una ukweli ndani yake. Uwanjani na mahakamani, kanuni hutangulia tendo. Kote kuwili, mwamuzi hapaswi kuwa ndugu wa upande mmoja; ndiyo maana wahenga walikataza kesi ya ngedere kupelekwa kwa nyani. Michezo nayo imejenga mahakama zake. Shirikisho la kandanda duniani, FIFA, huwazuia wanachama wake kupeleka migogoro ya mpira katika mahakama za kawaida, isipokuwa pale kanuni zinaporuhusu. Mwaka 1984 ilianzishwa Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, yenye makao yake Lausanne, Uswisi.

4. Yanayotofautiana

Tofauti ya kwanza ni mwanzo. Mchezo huanza sufuri kwa sufuri, wachezaji kumi na mmoja kwa kumi na mmoja. Shauri halianzi hivyo: mmoja ana hati, wakili na nauli, mwingine ana kumbukumbu za marehemu mumewe tu. Sheria ya Mahakama za Ardhi ya mwaka 2002 ilitambua jambo hilo ilipoagiza kwamba katika Baraza la Kata, lenye wajumbe wanne hadi wanane, watatu wawe wanawake, na mawakili wasiingie. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 baraza hilo halitoi tena hukumu katika migogoro ya ardhi. Limebaki na kazi ya kupatanisha, ndani ya siku 30. Upatanishi hautafuti mshindi, na hapo lugha ya mashindano hukosa kazi kabisa.

Tofauti ya pili ni kuonekana kwa matokeo. Bao huonwa na uwanja mzima. Hukumu lazima isomwe na kueleweka, na kwa miongo mingi hukumu za mahakama za juu ziliandikwa kwa Kiingereza. Ni mwaka 2021 tu ambapo sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Mtu atakubalije kushindwa kwa sababu asizoweza kuzisoma?

Tofauti ya tatu ndiyo kubwa. Filimbi ya mwisho inapolia, asiyekubali huonekana hana adabu. Mahakamani, kutokubali ni haki: ibara ya 13 ya Katiba inataja haki ya kukata rufaa. Aliyeshindwa Mahakama ya Mwanzo ana siku 30 za kwenda Mahakama ya Wilaya. Basi msemo wetu, ukinenwa mapema, waweza kumla mtu siku zake zote za rufaa.

5. Mfano kutoka mpirani

Hata michezo yenyewe haiutii msemo huu. Desemba 2022 Feisal Salum alitangaza kuachana na Yanga. Januari 2023 kamati ya TFF ikaamua kwamba bado ni mchezaji wa klabu hiyo. Hakukubali, aliomba uamuzi upitiwe upya, akakataliwa. Juni 2023, Rais Samia Suluhu Hassan aliwaomba viongozi wa Yanga walimalize jambo hilo, na mchezaji akahamia Azam. Wengi waliisifu busara hiyo, nasi hatuipuuzi. Lakini neno la mkubwa ni neema, si utaratibu. Mjane wa Kiwalani hana mtu wa kumsemea Ikulu. Tegemeo lake ni rufaa.

6. Mjane wa Luka

Katika Luka 18 yuko mjane aliyemwendea kadhi dhalimu mara kwa mara mpaka akapewa haki yake. Kwa kipimo cha msemo wetu, mwanamke huyo si mshindani mzuri. Bwana, hata hivyo, anamtoa kuwa mfano wa kusali bila kukata tamaa. Ni kweli kwamba katika 1 Wakorintho 6 Paulo anawahimiza ndugu waridhie kudhulumiwa kuliko kushtakiana. Lakini ushauri huo anaupokea kwa hiari anayedhulumiwa. Hautolewi kwa niaba yake na aliyekaa salama, wala na yule anayemdhulumu.

7. Hitimisho

Msemo ubaki uwanjani, na huko ufundishwe kwa bidii. Mchungaji au mzee wa kanisa anayeombwa ushauri na aliyeshindwa shauri aulize kwanza mambo matatu: Je, ulisikilizwa? Je, umeielewa hukumu na sababu zake? Je, siku za rufaa zimebaki ngapi? Akisha kupata majibu, ndipo anene habari za kukubali.