Pongezi kwa Mwalimu Mwenye Kopo

Mwalimu wa Hisabati ninayempongeza ni yule anayeingia darasani na kopo tupu, akabandua karatasi iliyolizunguka na kuikunjua mezani. Papo hapo ubavu wa mcheduara unageuka mstatili: urefu wake ni mzingo wa duara, upana wake ni kimo cha kopo. Kopo lenye nusukipenyo cha sentimita 7 na kimo cha sentimita 20 lina mzingo wa sentimita 44, tukichukua pai kuwa 22/7. Ubavu basi ni sentimita za mraba 880. Ongeza duara mbili, kila moja 154, upate 1,188.

Wapo wanaosema muhula ni mfupi, kanuni ikaririwe tu. Hoja ya muda ina uzito, hasa darasa likifurika. Lakini aliyekariri 2πr² + 2πrh bila kuiona hukwama akiulizwa eneo la bati la ndoo ya vipimo hivyo hivyo isiyo na mfuniko. Aliyeiona karatasi ikikunjuliwa huondoa duara moja, akapata 1,034. Kwa bomba lililo wazi pande zote huondoa zote mbili. Tena ni vigumu achanganye eneo na ujazo, kosa ambalo, kwa maoni yangu, hula muda mwingi zaidi wa marudio kuliko kopo lenyewe.