Kitabu cha Tissot na Kikohozi cha Siku za Baridi

Vitabu vingi vya uganga vya karne ya 18 viliandikwa kwa ajili ya wenye elimu. Daktari Samuel Tissot wa Lausanne, nchi ya Uswisi, aliwakumbuka watu wa mashamba. Mwaka 1761 alipiga chapa kitabu chake Avis au peuple sur sa santé. Alijua kwamba wakulima wengi hawasomi. Kwa hiyo alisema na wachungaji wa roho, walimu wa shule na wakunga, ili wao wawasaidie jirani zao. Shauri hilo peke yake latosha kutufanya tumpende.

Sura tuliyoipima zaidi ni ile ya mafua na kikohozi. Huko Ulaya, baridi ilipoingia, mwenye kukohoa alifungiwa katika chumba chenye moto mwingi, madirisha yakazibwa, akafunikwa mablanketi mazito, akanyweshwa divai ya moto yenye viungo, mpaka atoke jasho. Tissot anakataa desturi hiyo waziwazi. Mgonjwa apunguze chakula, anywe vinywaji vyepesi kama maji ya shayiri, aache pombe kali, hewa safi iingie. Na yule ashikwaye na mafua mara kwa mara? Watu walimwambia akae karibu na moto. Tissot asema moto huo ndio unaomdhoofisha. Afadhali atoke nje, auzoeze mwili wake maji baridi. Tena anawakemea wanaosema, «Si kitu, ni mafua tu.» Kuwaambia watu hivyo, kinyume cha wazee wao, kulitaka moyo.

Lakini hatuwezi kumsifu kwa yote. Homa ikiwa kali na kifua kikiuma, aagiza mgonjwa atolewe damu, pengine tena na tena. Mtu amekwisha konda, nawe wampunguzia damu! Hapo hatumfuati. Kosa la pili ni kubwa zaidi: mafua karibu yote ayaeleza kuwa ni uvimbe mwepesi wa mapafu, koo au pua. Basi vikohozi vya asili mbalimbali vyapata fundisho moja.

Mwaka uleule wa 1761, kule Vienna, Leopold Auenbrugger alitoa kitabu kidogo cha Kilatini, akifundisha kugonga kifua kwa vidole na kusikiliza mlio wake, kama mtu agongavyo pipa. Wachache walimsikia. Laennec alibuni chombo cha kusikilizia kifua mwaka 1816, na Koch alitangaza kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882. Siku hizi mwenye kukohoa kupita majuma mawili hupimwa makohozi. Hatumlaumu Tissot kwa kutokuona kijidudu. Twamlaumu kwa kusema kwa uhakika mno juu ya kifua asichoweza kukijua ndani.

Anayejua Kifaransa, akikipata kitabu hiki, na aanze na sura hiyo. Zile kurasa za kutoa damu azisome kama habari za zamani tu.