Mji si wa Wapinzani, Kijiji si cha Chama: Uhakiki wa Dhana Moja kwa Mfano wa Morogoro

Katika semina za makada na katika madarasa ya itikadi imezoeleka dhana isemayo kwamba mji umekwisha kupotea na kijiji kiko salama. Kwa mujibu wa dhana hiyo, mtu akiwa shambani ni mwenzetu kwa asili yake. Akihamia mjini, akapanga chumba na kusoma, amegeuka. Dhana hii si kosa dogo la maneno. Inamlaza kada usingizi kijijini, na inamfanya amtazame kijana wa mjini kama adui kabla hajamsikiliza. Hapana budi ihakikiwe, na mahali pazuri pa kuihakiki ni Morogoro na milima ya Uluguru.

1. Dhana ilikotoka

Tukubali kwanza kwamba dhana hii haikuzuka hewani. Katika uchaguzi wa 2010 Chama kilipoteza Arusha Mjini, Mbeya Mjini, Iringa Mjini na majimbo ya Nyamagana na Ilemela jijini Mwanza. Mwaka 2015 upinzani ulichukua majimbo sita kati ya kumi ya Dar es Salaam, na katika kura za urais mgombea wa Chama alipata asilimia 58 dhidi ya asilimia 40 za mpinzani wake mkubwa. Aliyetazama ramani ya miaka hiyo aliona miji ikibadilika rangi.

Lakini ramani hiyohiyo ina mambo ambayo dhana haiyaelezi. Nyamagana na Ilemela zilirudi kwa Chama mwaka 2015, ingawa Mwanza haikuwa imegeuka kijiji. Na katika Mkoa wa Morogoro mambo yalikwenda kinyume kabisa, kama tutakavyoona. Kanuni inayovunjwa na mifano mizito namna hii si kanuni. Ni mazoea.

2. Mlima uliodhaniwa mtulivu

Kabla ya Uhuru, serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na dhana yake kuhusu watu wa shamba. Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru uliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko mikali ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Amri zilipitia kwa watawala wa kienyeji, na mkulima aliyekaidi aliadhibiwa. Kwa kuwa watawala hao walikubali, mkoloni alidhani kwamba mlima umekubali.

Mlima ulikuwa haujakubali. Kazi ilikuwa ya shuruti, na kuchimba ngazi kulifukua udongo usio na rutuba na kuufunika ule mzuri wa juu. Isitoshe, kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo na hurithiwa upande wa mama. Aliyeona serikali ikiingia shambani kwake na kumwamuru aliogopa kunyang'anywa kabisa. Mwezi Julai 1955, TANU ikiwa na umri wa mwaka mmoja tu, ghasia zililipuka Matombo. Polisi walifyatua risasi na mtu mmoja aliuawa. Baada ya hapo mpango huo ulikufa.

Tuzingatie jambo moja ambalo wengi hulipita. Upande wa Mgeta, ambako mboga zilikuwa zimekwisha kupata soko, wakulima waliyatumia matuta. Tuta lilelile lililokataliwa Matombo lilikubalika Mgeta. Kwa hiyo basi, haikuwa ukaidi wa watu wa milimani wala chuki ya kitaalamu dhidi ya matuta. Swali lilikuwa ni nani anaamua, na jasho linamlipa nani. Hilo ndilo swali la siasa, na linaulizwa mlimani kama linavyoulizwa mjini.

3. Mji uliobaki na Chama

Sasa tushuke mjini. Katika miaka ya 1970 na 1980 Morogoro ilijengwa kuwa mji wa viwanda: viatu, ngozi, turubai, nguo. Kiwanda cha viatu kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia kwa matumaini ya kutengeneza jozi milioni nne kwa mwaka na kuuza nyingi ng'ambo. Hakikufikia hata sehemu ya kumi ya uwezo wake, na mwaka 1990 kilifungwa. Vingine vilifungwa au vilibinafsishwa. Tabaka la wafanyakazi lililokuwa likikua lilisambaratika: huyu akawa machinga, yule akaendesha bodaboda, mwingine akarudi kulima.

Kwa mantiki ya dhana tunayoihakiki, mji kama huo, wenye vyuo vikuu viwili vya umma, Sokoine na Mzumbe, jirani yake, ungepaswa kuwa wa kwanza kugeuka. Haukugeuka. Mwaka 2010 na 2015 Morogoro Mjini ilibaki na Chama. Waliogeuka mwaka 2015 ni wa mashambani: Kilombero, Mlimba na Mikumi, yote matatu yakaenda CHADEMA.

Wapo wanaosema Mikumi ilichukuliwa na umaarufu tu, kwa kuwa mshindi alikuwa msanii Joseph Haule, Profesa Jay. Hoja hiyo ni nyepesi. Umaarufu hukusanya watu uwanjani, hauwatungii manung'uniko. Na washindi wa Kilombero na Mlimba hawakuwa wasanii.

Tutazame uzalishaji. Bonde lile ni la miwa na mpunga. Kiwanda cha sukari cha Kilombero, ambako mwaka 1986 wafanyakazi waliokuwa wakidai haki zao waliuawa kwa risasi za polisi, kilibinafsishwa mwaka 1998. Wakulima wadogo wa miwa wanaokizunguka wamelia kwa miaka mingi juu ya miwa iliyokomaa kubaki shambani bila kuvunwa. Kusini zaidi, mashamba makubwa ya wawekezaji, mifugo iliyohamia bondeni na operesheni za kuiondoa vimewagombanisha wakulima, wafugaji na dola. Mkulima wa namna hiyo hakugeuzwa na mji. Aligeuzwa na mzani wa miwa na mpaka wa shamba, pale alipokosa mtu wa kumpelekea shauri lake.

4. Pembezoni mpya

Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022, watu wa Manispaa ya Morogoro waliongezeka kutoka 315,866 hadi 471,409. Hawakuongezeka katikati ya mji, bali Kihonda, Mkundi, Lukobe na Bigwa. Tangu Juni 2024 treni ya umeme inawaunganisha na Dar es Salaam. Mkazi wa huko ana kiwanja mjini na shamba Matombo au Mgeta. Mama yake anashusha ndizi sokoni, naye anauza vocha. Dhana ya mji na kijiji haimwoni mtu huyu, kwa maana ni wa kote kuwili. Shida zake ni hati ya kiwanja, maji, ushuru na ajira ya mwanawe.

5. Wajibu wa kada

Atasema mtu kwamba mjadala huu umepitwa na wakati, kwa sababu majimbo hayo matatu yalirudi kwa Chama mwaka 2020, na mwaka 2025 mgombea wetu alitangazwa kwa zaidi ya asilimia 97. Kada makini hasemi hivyo. Matokeo ya 2020 yalikataliwa na wapinzani. Katika uchaguzi wa 2025 CHADEMA haikuwamo, na siku yenyewe ya kura, 29 Oktoba, maandamano na vurugu vilizuka Dar es Salaam na miji mingine, na watu walikufa. Mizani yenye sahani moja haipimi kitu. Mkoloni wa 1955 naye alikuwa na taarifa nzuri kutoka juu.

Kwa hiyo kazi ni hizi. Kwanza, tuache kuhesabu watu kwa makazi; tuchunguze kila mahali nani anamiliki, nani anafanya kazi, nani anaamua. Pili, shina na tawi virudi kuwa mahali pa kusikiliza mashauri, si pa kugawia fulana. Tatu, tukumbuke kwamba Mwongozo wa 1971 ulikwisha kukemea viongozi wenye majivuno na uonevu. Anayekosoa, awe kijana wa Kihonda au mkulima wa Ruaha, asiitwe adui kwa sababu ya kukosoa.

Hakuna udongo unaozaa wanachama. Chama hukubalika pale kinapotatua swali la kazi na ardhi pamoja na watu wenyewe, na hukataliwa pale kinapolipa kisogo, iwe mlimani au mjini.