Doti Tano kwa Siku

Wifi yangu hapigi kanga picha usiku. Mzigo unaweza kufika kutoka Mtaa wa Uhuru saa mbili usiku, wateja wakawa wamekwishaanza kuuliza, naye akaufungua tu, akauhesabu, akauweka juu ya cherehani na kuufunika shuka. Alfajiri, jua likiwa bado halijavuka paa la jirani, anatandika mkeka barazani kwake Tandika, anaikunjua doti ya kwanza na kuipapasa kwa viganja mpaka makunyanzi yaishe. Ndipo anapotoa simu. Taa ya ndani, anasema, inaigeuza damu ya mzee kuwa nyekundu ya nyanya, na mteja aliyependa nyekundu ya nyanya akiletewa damu ya mzee ana haki ya kusema ameibiwa.

Nimekaa naye asubuhi nyingi nikimtazama, na nataka kuusifu ufundi wake kwa sababu watu wengi hawauoni kuwa ni ufundi. Wanaona mwanamke kainamia simu. Seremala ana randa, mshonaji ana futi shingoni. Huyu ana simu iliyopasuka kioo pembeni, bando la wiki na stetasi ya WhatsApp. Kwa stetasi hiyo amesomesha watoto wawili na kuezeka chumba cha uani.

Picha zake ni tatu kwa kila doti, na utaratibu haubadiliki. Ya kwanza inaonyesha kanga nzima, pindo zote na mji wake, ili mnunuzi ajue maua yatamkalia wapi akijifunga. Ya pili inasogea kwenye jina, maana hakuna mwanamke wa pwani anayenunua kanga asiyoisoma. Wapo ambao rangi imewaita na jina likawafukuza. Ya tatu ni ncha ya kitambaa iliyoinuliwa kwenye mwanga, uonekane uzito wa nyuzi. Chini anaandika rangi kwa majina tuliyokua nayo, damu ya mzee, samawati, ugoro, maana simu za wateja hazifanani na kila kioo kina rangi zake. Anaandika pia kama inachuja au haichuji, na hilo halikisii: katika kila mzigo anatoa doti moja, anailoweka kwenye maji ya chumvi, anaianika, kisha anaivaa mwenyewe.

Halafu bei. Bei iko pale pale kwenye picha, kwa tarakimu kubwa. Jambo hili naliona kubwa kuliko yote. Siku hizi kuna mtindo wa kuandika njoo inboksi upewe bei, na wanaofundisha biashara mitandaoni wengine wanausifu, eti unamfanya mteja aanze mazungumzo. Mimi naona unamvua mtu nguo. Mwanamke mwenye elfu kumi mkononi, tarehe ishirini na tano ya mwezi, akilazimika kuuliza kisha akanyamaza, amekwishajulikana kuwa hana. Bei ikiwa wazi anahesabu peke yake, anapita kimya, anarudi mshahara ukitoka, na heshima yake haijaguswa. Wateja wa wifi yangu wanarudi.

Stetasi ina historia ambayo nilipomsimulia aliipenda. Jan Koum, kijana aliyehamia Marekani kutoka Ukraine, alipoianzisha WhatsApp mwaka 2009 hakukusudia kwanza kutengeneza chombo cha kutumiana ujumbe. Alitaka jina la mtu kwenye orodha ya simu lionyeshe yuko katika hali gani: yupo, yuko kazini, chaji inaisha. Ujumbe ulikuja baadaye, mwaka huo huo. Stetasi za picha zinazofutika baada ya saa 24 zililetwa Februari 2017, na yale maneno ya zamani yalipoondolewa watu walilalamika mpaka yakarudishwa. Kwa hiyo dada wa Tandika anayetangaza kanga anatumia mlango wa kwanza kabisa wa nyumba ile, uliojengwa ili watu wajuane hali.

Zile saa 24 ndizo zinazoifanya kazi hii ifanane na ya soko la samaki la Feri kuliko ya dukani. Samaki wa asubuhi ni wa asubuhi. Picha ya jana haipo, na mteja hana habari kama jana uliuza au hukuuza. Anaona cha leo tu. Wengi wanalichukua hili kama ruhusa ya kumwaga kila walichonacho. Utaona juu ya kioo ule mstari umekatikakatika kuwa vinukta vidogo kama mshono wa cherehani, picha arobaini, hamsini, na kidole cha mtazamaji kinaruka zote bila kusimama. Wifi yangu haweki zaidi ya doti tano kwa siku. Akiwa na thelathini ndani, ishirini na tano zinasubiri. Anaweka mbili saa moja asubuhi, watu wakiwa kwenye daladala, na tatu baada ya Isha, watoto wakishalala. Zile za asubuhi zinawafikia na wateja wake wa Muscat, wengi wao wenye ndugu Unguja na Pemba, ambao saa zao ziko mbele ya zetu kwa saa moja. Doti ikiuzwa, picha yake anaifuta hapo hapo. Kumwonyesha mtu kitu ambacho hakipo ni kumchosha bure.

Niliwahi kujaribu kazi hii mwenyewe, mashuka, na nilikosea pabaya. Sikuwa na subira ya kupiga picha. Nilichukua picha nzuri za mtandaoni zilizofanana na mzigo wangu. Mteja mmoja wa Morogoro alilipa, nikamtumia. Shuka lilikuwa jepesi kuliko la kwenye picha na maua yake yalikuwa makubwa zaidi. Hakugomba. Aliandika asante, na tangu siku ile jina lake halikuonekana tena chini ya stetasi zangu. Ni miaka kadhaa sasa, na bado nalitafuta jina lile kila ninapofungua orodha ya walioangalia.

Kumpoteza mtu kama yule si hasara ndogo, maana stetasi haionekani na kila mpita njia. Lazima uwe umehifadhi namba ya mtu na yeye amehifadhi yako, ndipo aone. Watangazaji wa Kariakoo wanalijua hili vizuri. Ndiyo sababu kila mmoja anakuomba, seivu namba yangu uone mizigo. Mawinga wasio na fremu wala mtaji, wanaopiga picha mali za watu na kuweka cha juu, utajiri wao wote ni namba hizo. Ukilitafakari, ni ombi kubwa. Mtu anakuweka kwenye simu ile ile iliyo na mama yake, mganga wa zahanati na mwalimu wa mtoto. Picha zako zinakaa jirani na tangazo la kuzaliwa kwa mjukuu. Aliyekubali kukuweka hapo amekufungulia mlango wa ndani, na akikuchoka hatakuambia. Atazima stetasi zako, nawe utaendelea kutangaza kwenye chumba kitupu.

Kwa sababu hiyo wifi yangu hawaingizi wateja kwenye kundi. Kundi linaanika namba ya kila mmoja mbele ya wote, na wanawake kadhaa anaowauzia hawapendi namba zao zienee. Akiwa na jambo la kuwaambia wengi kwa pamoja, kwa mfano sare za harusi zimefika, anatumia orodha ya matangazo. Hiyo inabeba watu 256, kila mmoja anapata ujumbe peke yake, na haimfikii asiyeihifadhi namba ya mtumaji. Wengine wanalia na sharti hilo la mwisho. Yeye analisifu: asiyenihifadhi, anasema, hajaniita.

Kuna jambo jingine, na hapa ndipo ninapomvulia kofia. Kanga anazouza ni kitambaa cha maneno. Tangu enzi za majina yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, tangu duka la Kaderdina lililofunguliwa Mombasa mwaka 1887 na kanga zake za Mali ya Abdulla, wanawake wameitumia nguo hii kusema yasiyosemeka: kumjibu mke mwenza, kumshukuru mama, kumwambia jirani nimekusikia. Stetasi nayo imegeuzwa hivyo hivyo. Kutwa watu wanarushiana madongo humo. Mwuza kanga angekuwa wa kwanza kushawishika, ana vijembe mia mbili vimekunjwa kabatini. Lakini hajawahi kurusha hata kimoja, na aliponieleza sababu nilinyamaza. Kanga ina mvaaji na ina njia anayopita. Ukiivaa mbele ya mlango wa fulani, fulani anajua, na wa mtaa wa pili halimhusu. Stetasi haina njia. Neno moja chungu ukiliandika usiku, wateja mia tatu wanaamka nalo, na kila mwenye deni la elfu tano anajua ni yeye.

Hata hivyo si kwamba anajificha. Mama mkwe wangu alipofariki, aliweka mstari mmoja: jina, mazishi baada ya Alasiri, makaburi yapi. Kisha kimya, mpaka tulipoondoa matanga. Walikuja wanawake ambao hakuna mtu wa nyumba hii aliyewajua. Waliingia uani wakakaa, wakamenya vitunguu, na mmoja alipoulizwa ametokea wapi alijibu, mimi ni wa kanga. Wifi yangu alirudi kazini siku ya tano kwa doti moja tu, bila maelezo. Mengine ya nyumbani hayatoki: nyuso za watoto, sare ya shule yao, siku baba yao anaposafiri. Simu yake ina laini mbili, na tangu ilipokuja WhatsApp ya biashara mwaka 2018 anazitumia zote, moja ya mzigo, moja ya ndugu. Sisi ndugu tunaopenda kanga tumeomba wenyewe kuwekwa kote kuwili.

Majibu yake ningeweza kuyaandikia ukurasa mzima. Programu ile inamwezesha kuweka salamu ya kujituma yenyewe, ameizima. Majibu ya kuhifadhi anayatumia kwa mambo makavu tu, namna ya kufika kwake na Lipa Namba yake. Wateja anawapanga kwa lebo za rangi, anayesubiri, aliyelipa, aliyekwishatumiwa, kwa hiyo hamwulizi mtu alicholipa jana. Mzee akiandika kwa shida, anamjibu kwa sauti: shikamoo mama, umeamkaje, miguu inaendeleaje. Kanga inafuata baadaye, na sauti haizidi dakika.

Fedha ndiyo sehemu nyeti zaidi. Nchi nzima imechoshwa na ujumbe wa ile hela tuma kwenye namba hii, na aliyewahi kulizwa hasahau. Wa Dar es Salaam wanalipa mzigo ukiwa mkononi, bodaboda akisubiri mlangoni. Wa mikoani lazima watangulize, kwa hiyo yeye hutanguliza vyake: picha ya doti ile ile aliyoichagua mteja ikikunjwa, picha ya furushi lenye jina, picha ya risiti ya basi kutoka stendi ya Magufuli ikiwa na namba ya gari. Anazituma bila kuombwa. Mteja wa Songea anaufuata mzigo wake njia nzima akiwa ameketi kwake.

Jumamosi iliyopita nilifika kwake jua linazama. Mzigo ulikuwa umeingia mchana, na ndani yake kulikuwa na doti moja ya urujuani yenye pindo la dhahabu ambayo sijapata kuona mfano wake. Nikamwambia aiweke sasa hivi, itachukuliwa kabla ya Isha. Aliibeba mpaka barazani, akaitandaza kwenye mkeka, akainua simu, akatazama kioo, akatazama nguo, akatazama kioo tena. Kwenye kioo urujuani ulikuwa umekuwa bluu. Akaikunja.

“Kesho, wifi,” akasema, na kuingia nayo ndani.